Kuchagua simu janja mpya ukiwa Mtwara au Lindi: mambo ya kupima kabla ya kutoa pesa

Malipo ya korosho yanapoanza kuingia benki baada ya minada ya kwanza ya msimu, maduka ya simu ya Mtwara mjini, Masasi, Newala na Tandahimba hupokea wateja wengi kwa mpigo, na wengi wao huingia dukani na swali moja tu: "Simu gani nzuri?" Muuzaji hawezi kulijibu swali hilo kwa haki. Hajui ni mtandao gani unaoshika kijijini kwako, hajui umeme wa kwako hukatika mara ngapi, wala hajui kama simu hiyo itashinda mezani ofisini, mfukoni mwa dereva wa bodaboda au ndani ya mtumbwi. Kwa hiyo atakuonyesha ile anayotaka itoke dukani siku hiyo. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayetaka kuingia dukani akiwa ameshajua anachokitafuta, na msimamo wangu ni kwamba simu ichaguliwe kwa kuanzia mahali itakapotumika, kisha ndipo maandishi ya kwenye boksi yasomwe.

Anza na simu uliyonayo

Kabla ya kuulizia bei yoyote, chukua daftari na kwa muda wa wiki moja andika kila mara simu yako ya sasa inapokukwamisha: imezima saa ngapi, imeganda ukiwa unafanya nini, imekataa kupakua programu gani, imeshindwa kushika mtandao wapi. Wiki ikiisha utakuwa na orodha inayotokana na maisha yako mwenyewe, na orodha hiyo ina thamani kuliko ushauri wa mtu yeyote, ukiwemo huu wangu.

Mara nyingine orodha hiyo itakuonyesha kwamba huhitaji simu mpya hata kidogo. Mama yangu mdogo anayeishi Mikindani aliniambia mwaka juzi kwamba simu yake imechoka na kwamba ameshaanza kuweka akiba ya kununua nyingine. Tulipofungua sehemu ya hifadhi tukakuta kwamba katika 32 GB zimebaki pungufu ya 1 GB, na sehemu kubwa iliyojaa ilikuwa video za vikundi vya WhatsApp vya michango ya harusi na shughuli za mtaani, nyingine zikiwa zimejirudia mara tatu au nne. Tulizifuta, tukazuia video zisijipakue zenyewe, na simu ile ikamtumikia zaidi ya mwaka mmoja. Vivyo hivyo, simu inayozima ikiwa bado inaonyesha asilimia 30 za chaji, mara nyingi ni betri tu iliyochakaa, na fundi simu anayeaminika anaweza kuibadilisha kwa sehemu ndogo ya bei ya simu mpya.

Hata hivyo, zipo dalili ambazo fundi hawezi kuziondoa. Ikiwa simu yako haipokei tena masasisho ya usalama, ikiwa ina RAM (kumbukumbu ya muda ambayo programu hufanyia kazi) ya 1 GB au 2 GB na huganda kila unapofungua programu ya benki, au ikiwa haishiki 4G kabisa, basi umefika wakati wa kununua nyingine. Programu nazo huziacha simu za zamani: mwezi Mei 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye iPhone 5s, iPhone 6 na iPhone 6 Plus, na wenye simu hizo hawakuwa na la kufanya ila kubadilisha.

Unapopanga bajeti, usipeleke pesa yote kwenye simu. Samsung na Apple wameacha kuweka kichwa cha chaja kwenye maboksi ya simu zao nyingi, kwa hiyo anayenunua simu ya namna hiyo atahitaji chaja halisi, pamoja na kava, protekta ya kioo na bando la kutosha kuhamishia picha na programu zake. Mwenye laki nne mkononi atafute simu ya laki tatu na nusu.

Mtandao utangulie mengine yote

Simu ya bei kubwa isiyoshika mtandao pale unapolala haitakufaa kuliko kitochi. Anayeishi Mtwara mjini au Lindi mjini hawezi kuliona sana tatizo hili, lakini ukiteremka kutoka uwanda wa juu wa Newala kuelekea bonde la Mto Ruvuma, au ukiingia ndani ya Liwale na Nachingwea, kampuni moja inaweza kushika vizuri huku nyingine ikipotea kabisa, na hali inaweza kubadilika kutoka kilima kimoja hadi kingine. Waulize majirani wa pale utakapoishi au utakapolima ni laini gani inayoshika, na si pale duka lilipo.

Jambo hili linahusu na simu yenyewe, kwa sababu minara haitumii masafa ya aina moja, yaani aina moja ya mawimbi ya redio. Masafa ya chini, kama yale ya 800 MHz, husafiri mbali na hupenya kuta na miti vizuri kuliko masafa ya juu kama 1800 MHz, na ndiyo sababu masafa ya chini hufaa zaidi vijijini. Simu iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani au la Asia inaweza kukosa baadhi ya masafa yanayotumika hapa kwetu, na mwenye nayo hatalijua hilo akiwa mjini. Atalijua siku atakapofika shambani na kukuta simu ya jirani ina 4G huku yake ikihangaika kutafuta. Simu iliyoletwa rasmi kwa soko la Afrika Mashariki haina wasiwasi huu.

Chungulia pia tundu la laini. Baadhi ya simu zina nafasi tatu, yaani laini mbili na memori kadi kwa pamoja, lakini nyingine zina nafasi mbili tu, ambapo laini ya pili na memori kadi hugombea sehemu moja. Kwetu, ambako watu wengi huweka laini moja kwa ajili ya miamala na nyingine kwa ajili ya bando, tofauti hiyo ndogo huleta majuto ya kila siku. Ama kuhusu 5G, huduma hiyo ilianza kutolewa nchini mwaka 2022, na kama mnara wa karibu nawe hauitoi, usiongeze hata elfu hamsini kwa ajili yake peke yake. Peleka pesa hiyo kwenye hifadhi.

Hifadhi na RAM: hapa ndipo pesa iende

Nikiombwa kutaja jambo moja ambalo wanunuzi wengi wa huku hulikosea, nitataja hili. Watu hulipia kamera, kisha baada ya miezi minane hulalamika kwamba simu imekuwa nzito. Uzito huo hutoka kwenye hifadhi ya ndani iliyojaa na RAM isiyotosha, na hakuna kati ya viwili hivyo kinachoweza kuongezwa baada ya simu kununuliwa.

Hifadhi iliyoandikwa kwenye boksi si yote utakayoipata. Simu ya 64 GB hutumia sehemu kubwa kwa ajili ya mfumo wa Android na programu zilizokuja nayo, na mara nyingi 15 GB au zaidi huwa zimeshakwenda kabla hujapiga picha ya kwanza. Kinachobaki hugawanywa kati ya programu, picha, na vile vikundi vya WhatsApp ambavyo hakuna anayeweza kutoka bila kuudhi ukoo. Simu za bei ya chini, ambazo hifadhi yake ni ya aina ya polepole iitwayo eMMC, hupungua kasi kwa kiasi kinachoonekana zinapokaribia kujaa. Kwa sababu hiyo ninashauri 128 GB ziwe kiwango cha chini kwa mtu anayetaka kukaa na simu miaka mitatu au zaidi. Memori kadi husaidia kutunza picha, video na mawaidha, lakini programu nyingi haziwezi kuhamishiwa huko, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba 32 GB zinatosha kwa kuwa "utaongeza kadi."

RAM nayo ina mtego wake. Kwenye maboksi mengi siku hizi utaona 8 GB zimeandikwa kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi ndogo sana, utaona 4 + 4. Maana yake ni kwamba RAM halisi ni 4 GB, na nyingine nne ni nafasi inayokatwa kwenye hifadhi ili itumike kama RAM pale inapohitajika. Kwa kuwa hifadhi ina kasi ndogo mno ikilinganishwa na RAM halisi, nyongeza hiyo huzuia programu zisifungwe haraka nyuma ya pazia, lakini haiifanyi simu ya 4 GB iwe sawa na ya 8 GB. Muulize muuzaji kwa maneno haya hasa: "RAM halisi ni ngapi, bila ya nyongeza?" Kwa WhatsApp, miamala, programu ya benki na kupekua intaneti, 4 GB halisi zinatosha, anayetaka kuhariri video au kucheza michezo mizito atafute 6 GB au 8 GB halisi. Ukikuta simu mbili za bei moja, moja ikiwa na kamera nne na hifadhi ya 64 GB, na nyingine ikiwa na kamera mbili na hifadhi ya 128 GB, chukua ya pili bila kusita.

Betri, umeme na sola

Simu nyingi za sasa zina betri ya 5000 mAh au zaidi, kwa hiyo ukubwa wa betri peke yake hautofautishi sana simu moja na nyingine. Linalotofautisha ni kasi ya kuchaji. Chaja ya wati 10 huhitaji kama saa mbili na nusu hadi tatu kuijaza betri ya 5000 mAh, ilhali simu inayokubali wati 33 hujaa kwa muda wa saa moja na kitu. Mahali ambapo umeme unaweza kurudi kwa saa moja kisha ukakatika tena, tofauti hiyo inaamua kama utakuwa na simu hewani jioni au la. Kumbuka kwamba simu isiyokubali zaidi ya wati 10 haitachaji haraka hata ukiinunulia chaja ya wati 60.

Wanaotumia sola ndogo za nyumbani wapige hesabu nyingine. Tundu la USB la sola nyingi za aina hiyo hutoa wati 5 hivi, na kwa kiwango hicho betri ya 5000 mAh huchukua takribani saa tano za jua zuri. Mtu wa namna hiyo hana sababu ya kulipia chaji ya haraka. Anahitaji simu isiyokula chaji, na kwa kawaida simu yenye kioo cha nukta 720 × 1600 hula kidogo kuliko yenye kioo cha 1080 × 2400, ingawa maandishi yake hayana ukali uleule.

Joto ndilo adui mkubwa wa betri za lithiamu. Apple huelekeza simu zake zitumike kwenye joto la hewa lisilozidi nyuzi 35, na simu iliyoachwa juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani hupita kiwango hicho upesi. Vua kava nene unapochaji mchana wa Novemba, na usilaze simu inayochaji juu ya godoro.

Jua, jasho na maji ya chumvi

Kioo kinachong'aa vizuri ndani ya duka lenye kivuli kinaweza kuwa cheusi kabisa ukitoka nje saa saba mchana. Ung'avu wa kioo hupimwa kwa kizio kinachoitwa niti, na simu za bei ya chini huwa na niti chache, lakini huna haja ya kukariri namba hizo. Mwombe muuzaji akuruhusu kutoka na simu hadi barazani, ongeza mwanga hadi mwisho, fungua ujumbe wowote na uusome ukiwa umesimama juani. Ukilazimika kuifunika kwa kiganja ndipo uone herufi, basi mama ntilie wa sokoni au mvuvi wa Msimbati hataweza kuitumia akiwa kazini. Vioo vya AMOLED kwa kawaida hung'aa vizuri zaidi kuliko vya LCD, ila vikipasuka huwa ghali kubadilisha, na hilo lazima liingie kwenye hesabu ya mtu ambaye simu yake hudondoka mara kwa mara.

Kuhusu maji, soma alama ya IP. IP54 maana yake ni kwamba simu imekingwa dhidi ya vumbi kwa kiasi na dhidi ya maji ya kurukia, basi. IP67 maana yake ni kwamba ilipimwa ndani ya maji yenye kina cha hadi mita moja kwa dakika 30, na IP68 huzidi hapo kwa kiwango ambacho mtengenezaji hukitaja. Vipimo hivyo hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi, na maji ya bahari hayamo. Chumvi huacha mabaki yanayopitisha umeme na kuleta kutu, hasa ndani ya tundu la chaji, na wakazi wa pwani kuanzia Kilwa Masoko hadi Mikindani wanajua jinsi tundu hilo linavyobadilika rangi likawa la kijani. Mvuvi asitegemee IP ya aina yoyote. Aweke simu kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri, na kama tundu limerukiwa na maji ya chumvi, asichomeke chaja mpaka likauke kabisa. Aidha, dhamana za watengenezaji wengi hazifidii simu iliyoharibiwa na maji, hata kama boksi limeandikwa IP68.

Miaka ya masasisho

Kwa kuwa pesa zetu zimo ndani ya simu, kupitia M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money, HaloPesa na programu za benki, usalama wa mfumo ni jambo la kulipia. Google hutoa marekebisho ya usalama ya Android kila mwezi, lakini ni mtengenezaji wa simu anayeamua kama yatakufikia na kwa miaka mingapi. Hapa tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Google iliahidi miaka saba kwa Pixel 8 ya mwaka 2023, Samsung ikaahidi miaka saba kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024, na kisha, kwa simu ya bei ya kati ya Galaxy A16, ikaahidi miaka sita. Simu nyingi za bei ya chini hupewa miaka miwili au mitatu tu, na baadhi hazisemi lolote.

Hesabu miaka hiyo tangu toleo hilo la simu lilipoingia sokoni, na si tangu ulipoinunua. Simu yenye ahadi ya miaka minne iliyokaa sokoni miwili imebakiwa na miwili. Kwa upande wa iPhone, mfumo wa iOS 26 uliotoka mwaka 2025 haukubali iPhone XS na iPhone XR za mwaka 2018, kwa hiyo anayeuziwa XR leo kwa bei ya kuvutia ajue kwamba anainunua ikiwa ukingoni mwa maisha yake.

Kamera sitaieleza kwa kirefu. Kamera ya megapikseli 50 kwa kawaida huunganisha nukta nne kuwa moja na kutoa picha ya megapikseli 12.5, na zile kamera ndogo za megapikseli 2 zinazozunguka kamera kuu mara nyingi zipo ili kuongeza idadi. Piga picha ya mtu aliyesimama kwenye kivuli, nyingine ndani ya chumba chenye taa hafifu, kisha zitazame kwa kuzikuza. Picha ya juani haitakwambia kitu, kwa sababu hata simu duni hupiga picha nzuri juani.

Mpya au iliyotumika

Simu iliyotumika ya daraja la juu mara nyingi huwa bora kuliko simu mpya ya daraja la chini yenye bei hiyohiyo, na sina ubaya na anayechagua njia hiyo, mradi akubali kufanya ukaguzi mkali zaidi. Mpya inakuja na dhamana na betri ambayo haijatumika. Iliyotumika inakuja na historia usiyoijua.

Kwa iPhone iliyotumika, fungua sehemu ya mipangilio ya betri uone uwezo uliobaki. Ikiwa chini ya asilimia 80, weka gharama ya betri mpya kwenye bei unayojadiliana. Hakikisha mwenyewe wa zamani ametoka kwenye akaunti yake ya iCloud mbele ya macho yako. Kwa Android, hakikisha akaunti ya Google ya zamani imeondolewa kabla simu haijafutwa, kwa sababu tangu Android 5.1 simu iliyofutwa bila kuondolewa akaunti huweza kudai nywila ya mwenyewe wa kwanza, na usipoipata umebaki na kioo tu. Uwe makini pia na iPhone 14 na zilizofuata zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani: hazina tundu la laini kabisa, hutumia eSIM peke yake, yaani laini iliyojengwa ndani ya simu, na anayezoea kuhamisha laini kutoka simu moja kwenda nyingine atateseka nazo.

Kuna na hatari ya simu za mkopo. Simu iliyokopwa huwekewa programu inayoifunga pale mkopaji anapochelewa kulipa, na wapo wanaoiuza kabla hawajamaliza deni. Mnunuzi wa pili huamka siku moja akakuta simu imefungwa na ujumbe wa deni ambalo si lake. Dai risiti ya kwanza, na kama muuzaji hana, achana nayo hata kama ni mtu unayemfahamu.

Ukiwa dukani

Mwaka uliopita mjomba wangu wa Tandahimba alifika nyumbani na simu aliyoinunua kwenye duka moja, boksi lake likisema 12 GB za RAM na 512 GB za hifadhi, kwa bei ya laki moja na themanini.

"Shikamoo mjomba. Uliijaribu kabla ya kulipa?"

"Marahaba. Waliniwashia nikaona inawaka, mwanangu. Nijaribu nini tena?"

Tulibonyeza *#06# pamoja, tukatuma namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, kwenda 15090, ambayo ni huduma ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) ya kuhakiki simu, na jibu halikulingana na simu tuliyoishika. Zile 512 GB zilikuwa maandishi tu yaliyopachikwa kwenye mfumo. Alipojaza video chache, za mwanzo zilianza kukataa kufunguka. Aliporudi dukani aliambiwa kwamba simu ikishafunguliwa hairudishwi, na hakuwa na risiti ya kumtetea.

Tangu hapo nafanya hivi, na nakuomba nawe ufanye hivyo hivyo kabla mkono haujaingia mfukoni. Bonyeza *#06# ili zije tarakimu 15 za IMEI, zilinganishe na zilizo kwenye boksi, kisha zitume kwenda 15090 na usubiri jibu ukiwa palepale dukani. TCRA ilizifungia simu bandia mwezi Juni 2016, na wenye nazo walibaki nazo mikononi bila mawasiliano. Weka laini yako mwenyewe, si ya muuzaji, na piga simu halisi kwa mtu unayemjua. Sikiliza sauti yake, mwulize kama anakusikia vizuri, kisha jaribu spika. Geuza kioo kiwe cheupe kitupu na utafute madoa. Kwa Samsung, kubonyeza *#0*# hufungua ukurasa wa majaribio wenye rangi nzima-nzima. Chora kwa kidole mistari kutoka pembe moja hadi nyingine ukiishika alama ya programu bila kuiachia, na pale alama itakapodondoka njiani, hapo kioo hakisikii. Chomeka chaja na utikise waya polepole; chaji isikatike. Fungua mipangilio usome RAM, hifadhi na toleo la Android kwa macho yako.

Yote hayo huchukua dakika kama ishirini. Muuzaji mwaminifu hatakunyima dakika hizo, na anayekuharakisha kwa kusema kuna mteja mwingine anaisubiri simu hiyo, mwachie huyo mteja.

Uliza jambo la mwisho kwa uwazi: dhamana ni ya miezi mingapi, na simu ikiharibika itapelekwa wapi. Baadhi ya chapa zina vituo vyao vya huduma, kama Carlcare inayohudumia Tecno, Infinix na itel, lakini kama kituo kilicho karibu kiko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, dhamana hiyo ina nauli na siku za kusubiri ndani yake. Pita pia kwa fundi simu unayemwamini, mtajie jina kamili la simu uliyoichagua, na umwulize kama vioo na betri zake hupatikana hapa mjini. Akikwambia lazima viagizwe Kariakoo kila mara, fikiria chapa nyingine. Mimi binafsi nimeshaacha simu mbili nzuri kwa sababu hiyo tu, na sijajuta.

Baada ya kulipa, dai risiti ya EFD yenye jina la duka, aina ya simu na namba ya IMEI, kisha ipige picha na uitume kwa ndugu mmoja, kwa sababu karatasi hizo hufifia, na namba hiyo ndiyo utakayoipeleka polisi ikiwa simu itaibiwa. Tunza boksi. Kabla ya siku za kurudisha bidhaa hazijaisha, safiri na simu hiyo hadi kijijini au shambani kwako, ipigie simu kutoka pale unapokaa jioni, fungua programu ya benki kwa bando la laini ile unayoitumia, na uiache usiku mzima bila chaja ili uone asubuhi imebakiza asilimia ngapi. Simu ya zamani usiifute siku hiyohiyo. Ikae na picha na mazungumzo yako mpaka WhatsApp, miamala na programu ya benki viwe vimefunguka kwenye simu mpya, ndipo uondoe akaunti ya Google, uifute na kumpa atakayeirithi.